Mwalimu wa Himalaya

Hakuna aliyewahi kutembea bega kwa bega na Mwalimu. Mkitoka mlangoni mko sawa, mkifika kona ya mtaa unauona mgongo wake, na mkifika mnakokwenda unamkuta ameshakaa, amekunja nne, anakuuliza umekawilia wapi. Mtaa wa Dengfeng ulijaa maboksi, mikokoteni na watu wa kila taifa waliosimama kupiga soga mbele ya vibanda vya simu, lakini yeye alipita katikati yao kama sindano ndani ya kitambaa. Alisema mwendo ule aliupata kazini. Mwalimu anayetembea polepole, alisema, huwafundisha watoto kuchelewa.

Simtaji kwa jina kwa sababu sikuwahi kulitumia. Tanga, nilipokuwa msichana wa sekondari, alikuwa Mwalimu. Guangzhou, nilipomkuta tena mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi mnunuzi wa mapazia na yeye mwanafunzi mwenye mvi aliyepata nafasi ya kusomea shahada ya pili, alikuwa bado Mwalimu. Hata Othmani, Mzanzibari aliyesafirisha viatu, mtu ambaye hakuwahi kumpa mwenzake heshima bila kutaka kitu, alimwita Mwalimu na hakutaka kitu.

Nilimwonea wivu mtu huyu. Nalisema mapema ili msomaji ajue nimesimama upande gani ninapomchora.

Alifundisha jiografia, na hazina yake kubwa ilikuwa kikombe cha maji. Kabla ya kuchora milima alichovya chaki nyeupe ndani ya kikombe, akachora kwa haraka. Chaki iliyolowa haionekani mwanzoni. Ubao unabaki na michirizi ya maji tu, kama mtu aliyepitisha kitambaa kibichi. Mwalimu aligeuka, akatueleza habari za India iliyosukumana na Asia mpaka nchi ikakunjamana, na wakati akieleza, michirizi ilikauka nyuma yake na weupe ukatokeza, mkali kuliko chaki yoyote kavu. Theluji ilianguka juu ya Himalaya tukiwa tunatazama. Sisi watoto wa Tanga, sare zimetugandama mgongoni kwa jasho, tulinyamaza kama tumo msikitini.

Siku hiyo alisema, "Atakayefika huko aniletee jiwe."

Nilinyoosha mkono. Wenzangu walicheka, na Mwalimu akacheka pamoja nao, si kwa ubaya. Kisha kengele ikalia.

Mama alifariki mwaka huohuo, na Baba hakukaa sana baada yake. Nilikuwa kidato cha pili. Wadogo zangu walikuwa watatu, na wa mwisho, Salehe, alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Niliirithi cherehani ya mama, nikaacha shule, nikashona mapazia. Nilishona mapazia ya nyumba za watu mpaka wadogo zangu wawili wakaolewa, mpaka nikajua kwamba kitambaa kinanunuliwa rahisi Bangkok, na baadaye kwamba Guangzhou ni rahisi kuliko Bangkok. Sikulia juu ya shule. Nilikuwa na kazi.

Salehe alisoma. Alisoma kwa namna iliyonitia hofu, kama mtu anayekula chakula cha watu wawili, na serikali ikampeleka China kusomea udaktari. Ilitokea kuwa mji alioletwa ndio mji niliokuwa nikinunulia vitambaa. Watu walisema ni bahati. Nami nilisema ni bahati, nikapanga chumba Dengfeng, nikawa nakaa miezi mingi kuliko biashara ilivyohitaji.

Jumapili nilipika. Nilitafuta tui la kopo, nikakaanga samaki wa soko la kule, nikatengeneza mchuzi uliokuwa unakaribia wa nyumbani bila kuufikia. Jumapili moja Salehe alikuja na mgeni. Mlango ulipofunguka niliuona kwanza mwendo, halafu mtu.

Nilimwamkia. Nikamwambia, "Mwalimu, ulinifundisha Tanga."

Alinitazama kwa ukarimu wote, akasema amefundisha wengi, Mungu awabariki. Akaniuliza nilimaliza mwaka gani. Nikamwambia sikumaliza. Akasema, "Ahaa," akaketi, akamgeukia Salehe, wakaendelea na mazungumzo waliyokuwa nayo kwenye ngazi. Hakunikumbuka siku ile wala siku nyingine yoyote.

Alikuwa mtu wa kauli fupi. Aliyopenda kuliko zote ilikuwa: "Jiografia haitiwi chumvi." Aliitumia kama fimbo. Othmani akisema dukani kwake walipanga foleni mpaka barabarani, Mwalimu alimwuliza barabara ipi na ina upana gani. Mfanyabiashara akisema laobani wake, yaani tajiri wa dukani anakonunua, ana kiwanda kikubwa kuliko uwanja wa ndege, Mwalimu aliuliza ni uwanja upi wa ndege. Watu walikasirika, halafu walimpenda, maana katika mtaa ambao kila mtu aliongeza na kila mtu alijua kwamba mwenzake ameongeza, ilikuwa raha kuwa na mmoja wa kupimia.

Lakini mtu huyu wa vipimo alikuwa na mambo yake. Alikuwa amefundisha milima maisha yake yote na hakuwahi kupanda hata Lushoto. Lushoto, ambayo mtu wa Tanga huenda asubuhi akarudi jioni na kapu la matunda damu. Nilipomuuliza, alisema hakupata nafasi. Alikataza watoto kula ovyo njiani, na yeye mwenyewe hakuweza kumpita muuza miwa wa Guangzhou. Alinunua kipande, akakitafuna akitembea, na makapi akayatia mfukoni mwa koti kwa sababu kutupa chini ni ushenzi. Alikuwa mgumu wa kutoa senti, lakini mwanafunzi yeyote wa kwetu aliyelazwa hospitalini alimkuta Mwalimu kando ya kitanda, na supu, na ramani ya kumfundisha mgonjwa mpaka alale.

Alikaa na Salehe mwaka ule wa kwanza wa udaktari, masomo yalipokuwa ya Kichina na kijana alipokuwa akitoka darasani uso umemparama. Mimi sikuweza kumsaidia. Kichina changu kilikuwa cha sokoni: bei gani, ghali mno, hakuna, kata mita mia. Mwalimu hakujua udaktari, lakini alijua kusoma, na alimwonyesha namna ya kulikata somo kubwa vipande. Salehe alifaulu. Nilimshukuru Mwalimu mbele ya watu, kwa mdomo wangu wote.

Kisha nikaanza kuona mambo. Salehe alianza kukunja mikono ya shati mara mbili, mkunjo mpana, kama Mwalimu. Mtoto ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kufunga vifungo. Alianza kutembea haraka. Akiongea aliweka kidole mezani kama anaonyesha ramani. Siku moja nilimwambia maharage yangu yalichukua siku nzima kuiva, naye akaniambia, akitabasamu, "Dada, maharage hayatiwi chumvi." Wote wawili walicheka. Nilienda jikoni kutazama sufuria ambayo haikuwa na haja ya kutazamwa.

Wivu wa mume au wa mali una majina na ushauri wake. Huu wangu sikuwa na wa kumwambia. Ningesema nini? Kwamba mtu mwema anampenda mdogo wangu? Kila nilipotaka kumchukia Mwalimu nilimkuta amefanya jambo jema lingine, na hilo liliniudhi zaidi.

Darasani kwa Salehe kulikuwa na kijana wa Kinepali aliyeitwa Pemba. Kwao ni jina la kawaida, hupewa anayezaliwa Jumamosi. Othmani alipoambiwa alifurahi nusura aanguke kitini, akamwuliza kijana Pemba gani huyu asiyejua karafuu. Pemba hakuelewa lakini alicheka, na tangu siku hiyo alikuwa mtu wetu. Alikuwa mpole, mfupi, mwenye mashavu mekundu, na alitembea polepole mno hivi kwamba Mwalimu alikuwa akimsubiri kila kona kwa uchungu.

Kwao Pemba ni kijiji cha juu kabisa katika milima ya Himalaya. Hakifikiwi na gari. Mwisho wa baridi alikuwa akienda kwao kwa mwaka mpya wao, ambao huangukia karibu na mwaka mpya wa Wachina, na akawaalika wenzake. Salehe aliniletea habari hiyo Jumapili, nikiwa nachambua mchele.

"Dada, Pemba ametualika kwao."

Nikamwuliza amewaalika akina nani.

"Mimi na Mwalimu."

Nilichambua mchele. Akaongeza mwenyewe, kwa huruma kabisa, kwamba alijua mimi siwezi kuacha mzigo. Mzigo gani? Mwaka mpya wa Wachina soko lote la vitambaa la Zhongda hufungwa. Milango ya chuma hushushwa, malaobani hurudi vijijini kwao, makuli hawaonekani, na mnunuzi kama mimi hubaki chumbani akitazama dari. Huo ndio wakati pekee wa mwaka ambao sikuwa na mzigo. Nilikuwa na nafasi, afya, pasipoti, na mkono ambao niliwahi kuunyoosha darasani. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, "Twende."

Hakuna aliyesema. Nilitoa nauli ya Salehe. Nilinunua pamba ya kujazia na kitambaa kizito, nikamshonea koti ambalo dubu angeliomba. Mwalimu aliona koti, akaliulizia kwa aibu kidogo. Nikamshonea na yeye. Kitambaa cha koti lake kilikuwa cha daraja la pili.

Waliondoka. Nilikaa Guangzhou iliyofungwa, nikila tambi kwa Waislamu wa Kichina walio karibu na stesheni, ambao hawakuwa na mahali pa kwenda kama mimi. Mvua ya baridi ilinyesha. Niliwaza theluji ile iliyokauka ubaoni, na niliwaza watu wawili wakitembea haraka juu yake.

Waliporudi, Mwalimu alikuwa amekonda na macho yakimetameta. Alikuwa na jiwe. Jiwe jeusi lenye mshipa mweupe katikati, la kutosha kiganja, akaliweka mezani kwake juu ya karatasi zake, na kila aliyeingia aliliona. Na kuanzia hapo Mwalimu alikuwa na hadithi.

Lazima niseme kweli: ilikuwa nzuri. Nimeisikia mara nyingi kuliko ninavyotaka, kwenye migahawa ya Dengfeng, kwenye ukumbi wa wanafunzi, nje ya msikiti baada ya Ijumaa, na haikuchosha. Alieleza basi lililopanda kwa kunung'unika, barabara ilivyokwisha ghafla kama sentensi iliyokosa kitenzi. Alieleza ngazi za mawe zilizopanda na kushuka na kupanda tena, ng'ombe wenye manyoya ya kuburura kama mazulia, wanawake waliobeba magogo kwa kamba ya kwenye paji la uso huku wakiimba. Alieleza namna pumzi inavyopungua, mpaka unaona thamani ya kila unayoivuta. Halafu walifika kwenye daraja la kamba, bonde likiwa chini kabisa, vitambaa vya rangi vimefungwa kila upande vikipepea, na ng'ambo, juu, kijiji. Hapo Mwalimu alinyamaza. Alitutazama mmoja mmoja. "Kuanzia hapo, mabwana," alisema, "maneno hayatoshi."

Watu walishusha pumzi. Othmani, mtu wa maneno, alitikisa kichwa kama aliyeonjeshwa kitu. Niliona ni usanii mkubwa, kumwacha msikilizaji darajani. Nilimwonea wivu hata kwa hilo.

Salehe alikuwepo karibu kila mara. Alikaa pembeni, akatazama kikombe chake, hakuongeza neno. Watu wakimgeukia alisema, "Mwalimu ameshaeleza." Picha walizopiga zilikuwa za Salehe tu: Salehe na mbuzi, Salehe mbele ya ukuta wa mawe, Salehe na mama mzee aliyevaa aproni ya mistari. Mwalimu alisema yeye ndiye aliyeshika kamera. Nami sikumwuliza Salehe lolote. Niliapa sitauliza. Kama safari ilikuwa yao, na hadithi iwe yao.

Pemba alikuja chumbani kwangu muda mrefu baadaye, miezi ya joto, kutafuta kitambaa cha kumpelekea mama yake. Nilimwonyesha vipande vilivyobaki. Tulizungumza Kichina, chake kizuri, changu cha kuombea bei. Alikuwa akipapasa pamba nzito ya rangi ya kutu alipouliza, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa wa zamani, kama Mwalimu alipona kabisa kichwa.

Nikamwuliza kichwa gani.

Akaniambia bila hila, akidhani dada wa Salehe anajua. Mwalimu alikuwa amepanda kama anavyotembea Dengfeng. Kila asubuhi waliondoka pamoja, na kila mchana walimkuta mbele, amekaa juu ya jiwe, anawauliza wamekawilia wapi. Pemba alimwambia apunguze. Wenye milima wote waliokutana nao njiani walimwambia, kwa vidole na kwa kucheka, apunguze. Hakupunguza. Walipofika darajani alikuwa akitapika, hatambui mkono wake wa kulia, na midomo imekuwa ya buluu. Kulikuwa na nyumba ya kuuzia chai upande wa chini wa daraja. Mtu akishaumwa hivyo hapandishwi. Kaka yake Pemba, aliyekuwa amewashukia kuwapokea, alimteremsha Mwalimu mpaka mahali hewa ilipokuwa nzito, akakaa naye huko. Pemba na Salehe walivuka wawili.

Niliuliza upesi kama ilikuwa ni baridi iliyompata. Koti lake nilikuwa nimelishona mimi.

"Si baridi," alisema Pemba. "Ni haraka. Mlima humpa pumzi anayengoja."

Jiwe lile Salehe ndiye aliyeliokota kijijini, akamshushia. Picha zile Pemba ndiye aliyezipiga. Kisha Pemba aliuona uso wangu, akaacha kupapasa kitambaa, akasema Salehe alimwomba asiwaambie watu. Nikamwambia mimi si watu. Nikamkatia kitambaa cha mama yake, kirefu kuliko alichoomba.

Nilifurahi. Sitatafuta neno lingine. Siku ile nilibeba marobota mepesi. Mtu wa vipimo, mtu wa jiografia isiyotiwa chumvi, alikuwa ameishia darajani, na mtaa mzima ulikuwa umeshusha pumzi kwa ajili ya kijiji ambacho hakukiona. Sikumwambia Salehe kwamba najua. Niliiweka habari ile kama mtu anavyoweka nguo ya sikukuu.

Sikukuu ilikuja yenyewe. Mwalimu alimaliza masomo, akawa anarudi nyumbani, na Ijumaa moja baada ya swala tulimfanyia karamu ya kumuaga kwa wale Waislamu wa Kichina wenye tambi. Meza ziliunganishwa. Walikuja wanafunzi, walikuja wafanyabiashara wa Dar na wa Unguja, Othmani akakaa mkabala na Mwalimu, mimi upande wa pili wa meza, Salehe ubavuni mwa Mwalimu kama kawaida. Zilitolewa hotuba. Halafu wakaitaka hadithi, naye akaitoa, na sauti yake ilikuwa nzuri kuliko siku zote kwa kuwa ni ya mwisho. Basi likanung'unika, ngazi zikapanda, pumzi ikapungua. Tukafika darajani.

"Kuanzia hapo, mabwana..."

"Hapana," akasema Othmani. "Leo hatukubali, Mwalimu. Kila siku unatuacha kwenye kamba na upepo. Leo tuvushe. Nyumba zao ndani zikoje? Wanalala wapi? Wanakula nini?"

Meza nzima ikamuunga mkono. Tuvushe, tuvushe. Mwalimu alicheka. Alinyanyua kikombe, na kikombe kilikuwa kitupu, akakinywa hivyo hivyo. Nikaona mkono wake wa kulia ukitafuta mahali pa kukiweka.

Maneno nilikuwa nayo. Yalikuwa machache na yalikuwa ya kweli, na kwa sheria ya Mwalimu mwenyewe hayakuwa na chumvi hata chembe. Nilimtazama Salehe ili ajue kwamba sasa nayasema.

Salehe alikuwa akinitazama tayari. Sijui Pemba alimwambia, au aliniona tu. Hakunisihi kwa macho, hakutikisa kichwa. Alitulia kama anavyotulia mtu ndani ya nyumba anayoijua, na nikamkumbuka akiwa na umri wa miaka saba, Tanga, barazani kwa jirani, mzee mmoja akisimulia namna alivyovua samaki ambaye sote tulijua alimnunua. Salehe alifungua mdomo kusema. Nilimfinya. Njiani nilimwambia alichoniambia mama yangu: mkubwa hasahihishwi barazani. Aliuliza kwa nini, na kwa kuwa nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili na nimechoka, nilisema kwa sababu nimesema.

"Othmani," nikasema.

Mwalimu akageuka.

"Wewe mwaka wa tatu huu uko Guangzhou, na soko la viatu la Liuhua hujawahi kulipanda zaidi ya ghorofa ya pili kwa kuogopa ngazi. Daraja la Himalaya utalivukia wapi? Kula, tambi zinapoa."

Walicheka mpaka wenye mgahawa wakachungulia kutoka jikoni. Othmani mwenyewe alicheka kuliko wote, akaapa kwamba ghorofa ya tatu hakuna viatu vya maana, mtu mwingine akambishia, na daraja likasahauliwa. Mwalimu hakucheka. Alikuwa akinitazama kama anavyotazama mtu ubao wenye michirizi ya maji, akingoja ikauke.

Tulipotoka alikuwa mlangoni peke yake, na koti lile la daraja la pili mkononi ingawa kulikuwa na joto. Nilipompita alisema kwa sauti ya chini:

"Siku zote nilikuwa najiuliza huyu kijana alijifunza wapi kunyamaza. Nilidhani labda ni mimi."

Kulikuwa na majibu kadhaa, na kila moja lilikuwa na ncha.

Tuliondoka watatu, tukielekea kituo cha basi. Nilingoja mgongo wake utupite. Haukutupita. Nilikuwa nimeshazoea kumfuata, na sasa sikujua niweke wapi macho. Mwishowe nilimwambia Salehe, kwa sauti isiyo ya kumficha mtu, "Haya. Nieleze. Ndani ya nyumba kulikuwaje?"

Salehe alipunguza mwendo.

"Hujawahi kuniuliza, Dada."

"Sasa ndio nauliza."

Basi akaanza. Akasema kulikuwa na moto katikati ya chumba, na moshi uliokwenda polepole kuelekea darini kama nao umekatazwa haraka. Akasema wote hukaa kwa umri, mkubwa karibu na moto, na yeye alikaa mwisho karibu na mlango, akaona ni sawa. Chai yao ina chumvi na siagi, na ukinywa kidogo tu kikombe hujazwa tena. Nyuma yetu nilisikia hatua za Mwalimu. Zilikuwa zimepungua. Alikuwa akitembea taratibu kabisa, mguu baada ya mguu, kwa umbali uleule, asikose neno.

"Mama yake Pemba ana desturi," akasema Salehe. "Kama kuna mtu wao aliye mbali, humjazia kikombe na kukiweka karibu na moto, na hakuna anayekigusa. Alipomaliza kuwajazia watu wake walio mbali, akaniuliza mimi. Akasema, wako ni nani?"

Nilisimama. Hatua za nyuma nazo zikasimama.

"Ukamwambia nani?"

"Nikamwambia aweke viwili."

Mikokoteni ilitupita. Mahali fulani laobani alikuwa akimfokea mnunuzi kwamba hakuna, hakuna. Mwalimu hakusogea, nami sikugeuka kumtazama, ila nilijua anangoja kama ninavyongoja mimi.

"Na kipi kilijazwa kwanza?" nikauliza.

Salehe alinitazama, akamtazama Mwalimu nyuma yangu, akatazama barabara kama basi linakuja. Halafu akanyamaza, kama nilivyomlea.